Vioo Vilivyosuguliwa kwa Mchanga

Wadogo zangu wa kituo cha utafiti, mmenisumbua niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Kusahau bado, asanteni. Ila nimesoma kumbukumbu za wakubwa wengine waliopumzika mbele yangu, na wote wanaanza na cheo na kumaliza na medali, katikati wamepanga mawaziri waliowashika mkono. Mawaziri walionishika mimi walikuwa na mikono kama ya watu wengine. Nitawasimulia mwaka mmoja tu, mwaka wa kwanza wa burse yangu hapa Kalemie, wakati nchi ingali inaitwa Zaire. Mwaka ule ulinifanya mtu wa samaki, na nusura unifanye mtu wa mihuri.

Burse yenyewe mnaijua, ile ya kisha udokta. Umekwisha kusoma, umevaa joho jeusi na kupigwa picha, lakini hakuna anayekuamini bado. Basi wanakupa nafasi ufanye utafiti wako mwenyewe, si wa profesa wako, waone kama akili ni yako au uliazima. Yangu ilikuwa ya ikolojia na mageuzi ya viumbe, miaka miwili, lakini kwa sharti: mwaka wa kwanza ukikaribia kwisha, kamati inakuja kuangalia. Wakiona kitu, unapewa wa pili. Wasipoona, kwaheri. Na kwaheri yangu nilijua itanipeleka wapi. Kinshasa walikuwa wameniwekea kiti katika biro, yaani ofisi ya uvuvi, kazi ya kupiga muhuri ruhusa za nyavu. Baba, aliyetumikia reli kule Kabalo maisha yake yote, alikipenda sana kile kiti. "Biro iko na feni," aliniambia. Mimi lile feni sikutaka hata kulisikia.

Nilishuka treni ya Kabalo nimevaa viatu vya ngozi vya Ulaya, maana nilidhani mtafiti anafika kazini na viatu. Aliyenipokea alikuwa Papa Kaomba, mkuu wa sehemu ya samaki, mtu mfupi mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bandari. Yeye alisomea Ulaya zamani kuliko mimi, akarudi bila maringo yoyote. Aliangalia miguu yangu kwanza, uso baadaye.

"Hivi viatu ni vya kuangalia samaki ao vya kuolewa?"

"Samaki hawajaniuliza, Papa."

"Vua basi, wakuulize."

Nilidhani ni utani. Kumbe alikuwa na maski mbili za kuzamia mkononi, na kabla sanduku langu halijafika chumbani nilikuwa ndani ya ziwa mpaka shingoni, kitenge nimekifunga kiunoni. Jamani. Udokta wangu ulikuwa juu ya samaki wa ziwa hilihili, lakini niliwajua zaidi wakiwa katika chupa, wamelazwa ndani ya dawa ya formoli, wote rangi ya karatasi ya zamani. Sasa walinipita mbele ya macho wazima: wa manjano, wa buluu, wenye mistari, mmoja akimfukuza mwenzake kuzunguka jiwe kwa hasira ya mwenye shamba. Nilicheka ndani ya maji, nikameza ziwa. Papa Kaomba akanivuta mkono.

"Umekunywa kadiri gani?"

"Ya kutosha, Papa."

"Muzuri. Sasa uko mutu wa hapa."

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi ambayo vitabu vinaipitia haraka. Samaki wa mawe humkimbizi. Unazungusha wavu kwenye jiwe, unagusa jiwe kwa fimbo taratibu, anatoka mwenyewe na kujitia ndani. Ukimkimbiza wewe, atakutembeza mpaka uchoke, na yeye anaijua njia. Jike mwenye mayai hawekwi ndoo moja na wenzake, maana akiogopa anatema watoto wote, na hapo nani atajua wa nani. Kwa sababu samaki hawa, kama hamjachoka kunisikia nikilisema, hubeba mayai mdomoni. Mama anayaokota mayai, anayafungia kinywani, anakaa wiki nyingi karibu bila kula mpaka watoto waweze kuogelea. Unamshika kwa mkono uliolowa, unamgusa kidevu kwa kidole gumba, anafungua kidogo, unaona macho madogo yakikuangalia. "Huyu mama iko anafanya Kwaresima yake," Papa Kaomba alisema. "Umurudishie heshima yake."

Swali la burse yangu lilikuwa rahisi kulisema. Kwenye mawe ya kaskazini ya mji, kulikuwa na samaki mmoja mwenye mkanda wa manjano tumboni. Kusini, upande wa kwenda Moba, samaki wa umbo lilelile, meno yaleyale, tabia ileile, lakini mweusi ti. Katikati yao, mchanga mtupu, na samaki wa mawe mchanga anauogopa kwa kuwa hauna pa kujificha. Kwa hiyo wameishi mbalimbali, vizazi kwa vizazi. Je, hawa bado ni ndugu, au wamekwisha kuwa wageni? Ukiwaweka nyumba moja, wataoana? Mtu anaweza kuona ni swali la bure. Mimi niliona ni swali la namna kiumbe kimoja kinavyokuwa viwili, na nilikuwa nalala nalo na kuamka nalo.

Nyumba ilikuwa matangi yetu ya saruji yenye kioo upande wa mbele. Maji yalivutwa kutoka ziwani kwa pompi, pompi ilikula umeme wa mtambo wa Bendera, na umeme ukikatika sisi ndio tulikuwa pompi. Kila tangi nililigawa kwa nyavu mbili. Dume wa manjano kushoto, dume mweusi kulia, majike katikati. Matundu ya wavu yalimtosha jike kupita, dume mnene hapana. Jike alichagua mwenyewe nyumba ya kuingia, na mimi nilikaa juu ya kigoda nikimchungulia kama shangazi mwenye harusi. Samaki hawa hula ukijani unaoota kwenye mawe, na ukijani huohuo ulifunika kioo chote. Papa Kaomba alikataa kioo kisafishwe. "Kioo kikiwa kichafu, samaki anashiba," alisema. Basi nilifuta pa kuchungulia tu, sehemu ya ukubwa wa kiganja, na ndani kulikuwa kijani na giza.

Majike wakaanza kuoana na yeyote. Wa manjano akaingia kwa mweusi, mweusi akaingia kwa wa manjano, hakuna aliyejali. Miezi ikapita, mambo yakawa yaleyale. Nilifurahi mno. Jibu safi kabisa: ni aina moja ya samaki, rangi ni mapambo tu. Nikaituma ripoti ya kwanza kwa kamati, na katika kichwa changu mwaka wa pili nilikuwa nimekwisha kuupata.

Hapo sasa nimlete Sitwayeni Kasongo. Miaka ile hakukuwa na Bwana wala Bibi, wote tulikuwa Sitwayeni, yaani raia. Kasongo alikuwa sekretere wa kituo na kiongozi wa tawi la Chama, kilichokuwa kimoja tu nchini, hapo kazini, mtu mwema, mwenye suti ya abakosi iliyopigwa pasi mpaka kwenye mfuko. Aliposikia kamati inatoka Ulaya na Kinshasa, alishikwa na homa ya usafi. Wageni walikuwa bado mbali, kama miezi miwili, lakini Kasongo alikuwa mtu wa kuanza mapema. Akaitisha Salongo, ile kazi ya mikono ambayo kila raia alipaswa kuitoa kwa nchi. Siku hiyo mimi na Papa Kaomba tulikuwa kusini na mtumbwi wa mota, tukitafuta madume wengine weusi.

Tuliporudi mchana wa siku ya pili, nilianza kuona kitu kutoka majini. Njia ya kutoka ufukweni mpaka mlango wa maabara ilikuwa na mistari miwili myeupe, imenyooka vizuri sana. Nilipokaribia, nikaona ni mawe. Nilipokaribia zaidi, nikaona ni mawe yangu. Walikuwa wameyatoa yote ndani ya matangi, wameyasugua, wameyapaka chokaa na kuyapanga kando ya njia, makubwa kwa makubwa, madogo kwa madogo.

Kasongo aliningoja mlangoni, mikono nyuma. "Sitwayeni Dokta, ona. Ukijani yote imetoka. Wamama wamesugua na muchanga na majivu, vioo inang'aa. Samaki wako muzima ndani ya mabeseni, hata mumoja hatukumukula."

Ndani, wamama wa mtaa walikuwa wamesimama na vitambaa vyao, wananiangalia nifurahi. Vioo vilikuwa kama havipo. Ungeweza kudhani maji yamesimama yenyewe. Majike wenye mayai walikuwa wametema watoto ovyo katika mabeseni. Nilitaka kulia, nikataka kupiga kelele, lakini utampigia nani kelele? Mama mmoja alikuwa na vidole vilivyochubuka kwa kusugua. Nikamwambia aksanti, nikatoka nje, nikaketi juu ya jiwe langu jeupe, na chokaa ikanishika matakoni.

Papa Kaomba alikuja akaketi juu ya jingine. Mabega yakaanza kumtikisika. "Wameyapanga kwa ukubwa," alisema. "Hata mimi sikuwahi kuyapanga kwa ukubwa." Tukacheka mpaka Kasongo akatokea kuona kama tuna afya.

Mawe ya chokaa hayarudi kwa samaki. Tulileta mengine kutoka ziwani, tukajaza matangi, tukarudisha nyavu, madume, majike, kila mmoja mahali pake. Ukijani haukuwepo bado, tukawalisha kwa majani ya matembele yaliyochemshwa. Nikarudi kwenye kigoda changu bila matumaini makubwa. Na majike wakaanza kunifanyia vituko.

Wa manjano akaenda kwenye wavu wa dume mweusi, akamwangalia, akageuka. Akaenda kwa wa manjano, akaingia. Mweusi naye akaenda kwa mweusi. Siku iliyofuata, vilevile. Tangi la pili, vilevile. Wiki zikapita, hakuna aliyekosea nyumba. Wale waliokuwa wakioana na yeyote, sasa kila mmoja na wa kwao. Nilimwita Papa Kaomba kwa sauti iliyotoa watu kwenye biro. Alichungulia, na safari hii hakuhitaji kiganja cha kioo, alisimama katikati ya chumba na kuona yote.

"Sasa ripoti yako imekufa," alisema.

"Imekufa, Papa."

"Na wewe uko unacheka."

Kweli nilikuwa nacheka. Maji yaleyale, samaki walewale, nyavu zilezile. Kilichobadilika ni mwanga. Katika ule ukijani na giza, manjano na nyeusi zote zilikuwa kivuli. Jike hakuwa amekubali dume wa ugenini, hakuwa amemwona. Wamama na mchanga wao walikuwa wamewasha taa. Mnielewe: mimi nilikuwa nauliza kama hawa ni ndugu au wageni, na ziwa likanijibu kwamba inategemea kunaonekana kiasi gani. Kinachowatenga ni macho yao.

Lakini kudhani si kujua. Wale waliosugua walibadilisha na mawe, na chakula, na mengine. Nani angeniamini? Ilibidi nirudishe kijani bila kugusa kitu kingine: matangi nusu yawe na giza la kijani, nusu yabaki na mwanga. Papa Kaomba alinieleza wazi, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia mbili: "Unaweza kuwapa kamati ripoti ya kwanza. Ni kazi ya miezi mingi, imeandikwa muzuri, hakuna atakayekulaumu. Hii nyingine ikikuharibikia, watasema hujui unachotafuta, na utaenda kwa feni yako." Nikamwuliza yeye angefanya nini. "Mimi niko na pansio ya uzee karibu. Usiniulize mimi." Nilienda kutafuta kitambaa cha kijani.

Mjini hakikupatikana. Aliyekuwa nacho ni Mama Faida, mke wa Papa Kaomba: pagne za Chama, vitenge vya kijani alivyogawiwa kwa ajili ya kucheza kwenye maandamano ya sikukuu. Alikuwa nazo kabati nzima. Alizitoa, akaniuliza tu kama samaki watazikojolea. Tulizitundika mbele na juu ya matangi nusu, na mwanga ndani ukawa uleule wa zamani. Kasongo alipoingia, uso ulimkauka.

"Pagne ya Chama? Juu ya samaki? Sitwayeni Dokta, unataka wanifunge?"

Papa Kaomba alimshika bega. "Kasongo, Chama kinasema nini? Kila anayezaliwa Zaire, anazaliwa mwanachama. Ni kweli ao si kweli?"

"Ni kweli."

"Hawa wamezaliwa wapi? Wangekuwa wa Kigoma, tungeomba ruhusa."

Kasongo aliwaza kwa uzito unaostahili. Mwishoni alisema sawa, mradi zitundikwe zimenyooka, na alikuja kila asubuhi kuzinyoosha mwenyewe.

Kamati ilifika: Madamu Profesa kutoka Ulaya, mrefu, mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine shingoni, na Profesa mmoja kutoka Kinshasa aliyekuwa na joto tangu uwanja wa ndege. Niliwaeleza yote, jibu la kwanza, mawe ya chokaa, jibu la pili. Chini ya pagne, wiki zote hizo, majike walikuwa wameoana tena na yeyote. Kwenye mwanga, kila mmoja na wa kwao. Profesa wa Kinshasa akaifunga kalamu yake.

"Mwaka huu uliandika ni aina moja. Sasa unasema mbili. Mwakani utatuambia tatu?"

Hasira nayo inasaidia. "Sisemi mbili, Profesa. Nasema wanachaguana kwa macho. Ukiwazimia taa wanachanganyika, ukiwawashia wanakumbuka kwao. Msitu wa mlimani ukikatwa, udongo wote ukishuka ziwani na mvua, taa itazimwa kweli. Hapo tutapoteza samaki ambao hakuna aliyewavua."

"Hayo ni maneno," alisema.

"Basi tuangalie," Madamu akasema, na akavuta kigoda changu akaketi.

Sikuwaahidi kitu. Samaki hafuati programu. Tulimweka jike wa manjano aliyeiva katika tangi lenye pagne, tukaacha upenyo wa kuchungulia. Alizunguka, akapita wavu upande wa kulia, akaanza kucheza na dume mweusi, mkia ukitetemeka, kama hana taarifa ya jambo lolote. Kisha Papa Kaomba akavuta pagne. Mwanga ukaingia. Jike akasimama palepale. Dume mweusi akamzunguka, akatanua mapezi, akajitahidi maskini. Jike hakusogea. Sisi nasi hatukusogea. Nilisikia pompi, nilisikia Kasongo akipumua nyuma yangu, na nikaanza kuliona feni likizunguka juu ya meza yenye mihuri.

Akageuka. Taratibu, bila haraka yoyote, alirudi kwenye wavu, akapita katikati, akafika wavu wa pili, akapenya kwa wa manjano.

"Tena," alisema Profesa wa Kinshasa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo, suruali yake kwenye maji yaliyomwagika. Tulirudia na jike mweusi, kisha na mwingine, kisha na mwingine, mpaka yeye mwenyewe akawa anavuta pagne na kutuambia tunyamaze. Kasongo alimweleza kwa upole kwamba usafi wa vioo ulikuwa wazo la tawi.

Tulikula mchana nyumbani kwa Mama Faida, ugali na samaki wa kukaanga, na nawahakikishia si wale. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno la kukataliwa. Nilikuwa na majibu, nilikuwa na heshima yangu nimeipanga. Madamu alipangusa vidole, akavaa miwani ya shingoni, akaniuliza: "Mwaka wa pili utaanza na nini?"

Nikaanza kutaja: maji ya mto unapoingia, kina cha chini ambako mwanga hupungua, rangi nyingine, mawe ya mbali zaidi kusini. Nilitaja mpaka chakula kikapoa na Papa Kaomba akanisogezea maji. Hakuna aliyenikatiza. Profesa wa Kinshasa alikuwa ameifungua kalamu tena.

Siku ileile, nilipobaki peke yangu chumbani, nililivuta lile sanduku nililoshuka nalo treni. Mwaka mzima sikuwahi kulitoa nguo zote. Nilikuwa nachomoa gauni moja moja, nikifua nalirudisha ndani, maana niliogopa uchungu wa kulipanga upya siku ya kufukuzwa. Nikalimwaga lote kitandani. Nikazitundika nguo zangu kwenye misumari, moja baada ya nyingine, huku nikilia na kuimba pamoja, na sanduku tupu nikampelekea Mama Faida afugie kuku.